Meza ya seremala (Pemba)

Meza ya seremala ni meza nzito ambayo juu yake mbao hupigwa randa, hukatwa, hutobolewa na kuungwa. Kisiwani Pemba fundi aghalabu hujiundia mwenyewe.

Sifa yake kubwa ni kutotikisika. Randa husukuma kwa ubavu, haikandamizi chini tu, kwa hiyo meza yenye miguu minene lakini isiyo na mihimili ya mshazari bado itayumba. Viungo vya ulimi na tundu, vilivyokazwa kwa vigingi vya mbao, hudumu kuliko misumari, ambayo hulegea kila fundi anapogonga patasi. Uso huundwa kwa mbao nene. Kimo hufuata kifundo cha mkono wa fundi aliyesimama wima, kwa kawaida baina ya sentimita 80 na 90. Ukingoni hufungwa jiliwa.

Kwa upande wa mbao za kuundia meza, mvule, unaoota hata katika Msitu wa Ngezi kaskazini-magharibi mwa kisiwa, hustahimili mchwa, lakini ni ghali mno kukatiwa patasi kila siku. Mfenesi unatosha kabisa. Mwembe hupatikana kwa urahisi, ila huliwa na wadudu upesi ukikaa kwenye unyevu.

Waunda majahazi na ngalawa hawaitegemei sana meza hii: kazi yao kubwa hufanyika pwani, juu ya magogo, kwa tezo na keekee.