Rufaa Zisizo na Mrejesho: Ufuatiliaji wa Wagonjwa wa Nje Wanaopelekwa Hospitali

Rufaa ya mgonjwa wa nje hukamilika pale kituo kilichoiandika kinapopata majibu kutoka hospitali iliyompokea. Katika zahanati na vituo vingi vya afya nchini Tanzania, kazi huhesabiwa kuwa imekwisha mapema zaidi: mgonjwa akishakabidhiwa fomu na kuondoka. Kitabu namba 5 cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), wanamoandikwa wagonjwa wa nje, huonyesha nani amepewa rufaa, si nani aliyefika.

Dharura za uzazi zina nafuu. Mfumo wa M-mama, unaopigiwa simu bure kwa namba 115, una mratibu anayetafuta gari la wagonjwa au dereva wa jamii wa kumfikisha mama hospitali. Mgonjwa wa nje hana mtu wa namna hiyo. Ni yeye atakayetafuta nauli, kujua siku ya kliniki, kutunza karatasi na kurudisha majibu.

Saratani ya mlango wa kizazi huonyesha hasara ya kukosa ufuatiliaji huo. Uchunguzi kwa siki huchukua dakika chache, na mabadiliko ya awali huweza kutibiwa hapohapo kituoni. Likionekana doa linalotia shaka ya saratani, lazima kipande kidogo cha nyama kikatwe na kupimwa, na pengine ifuate tiba ya mionzi katika hospitali kama Ocean Road au Bugando. Tatizo ni kwamba mara nyingi anayepewa rufaa hii haumwi. Mwanamke asiye na maumivu, mwenye shamba linalosubiri palizi, huahirisha safari, wala hakuna anayemuulizia. Akirudi baada ya miezi kadhaa huku anatokwa damu, huandikiwa rufaa nyingine kana kwamba ndiyo ya kwanza.

Wengi hukimbilia kupendekeza mfumo wa kompyuta. Unasaidia, lakini orodha ya waliochelewa isiyo na mwenyewe haimfikishi mtu hospitali, iwe kwenye skrini au kwenye daftari. Kwanza apatikane mtu. Muuguzi mmoja akabidhiwe rejesta ya rufaa zinazosubiri majibu, yenye sababu ya rufaa, siku ya mwisho ya kusubiri, na namba ya simu ya mgonjwa pamoja na ya ndugu anayemwamini. Shaka ya saratani haiwezi kupewa muda sawa na mtoto wa jicho. Asiyefika apigiwe simu; asiyepatikana afuatwe na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Ugonjwa usitajwe kwa mwingine yeyote anayepokea simu, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Sababu ya kutofika iandikwe pia: anayekosa nauli na anayekatazwa na mumewe hawasaidiwi kwa njia moja.

Ugumu mkubwa uko hospitalini. Sehemu ya mrejesho kwenye fomu huachwa tupu, na si haki kumlaumu daktari mwenye foleni inayofika nje ya mlango. Ni afadhali kituo chenyewe kiulize kila wiki, kwa orodha moja ya wagonjwa wake wote, badala ya kungoja kila fomu irudi. Gharama za simu hizo ziingizwe kwenye bajeti ya halmashauri. Akiachiwa muuguzi azilipe mwenyewe, ufuatiliaji utakoma kila mshahara unapokwisha.