Kutoka Redio ya National hadi Scotch Rolex

Kwa wazee wetu hapa kijijini kwetu Tumati, Japani iliingia nyumbani kwa jina la National. Wengi hawakujua kuwa redio ile ni ya Wajapani. Walijua imetoka Dar es Salaam, na hawakukosea, kwani kampuni ya Matsushita ilikuwa na kiwanda chake huko. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 nchi nzima waliingia kwenye vikundi vya kusikiliza redio. Walikaa chini, wakasikiliza kipindi, kisha wakajadili vyoo, maji ya kunywa na mbu.

Mjomba wangu ndiye aliyetunza redio ya kikundi chao. Kikundi kilipokwisha, tabia ya utunzaji ikabaki. Betri zikichoka hakuzitupa. Kwingine watu huzianika juani, lakini huku ukungu wa Juni unaweza kukaa hadi saa tano asubuhi, kwa hiyo yeye alizipanga kando ya mafiga, mbali kidogo na makaa, akawa anazigeuza kwa kidole mpaka zipate joto pande zote. Zikirudishwa kwenye redio, sauti ilitosha taarifa ya habari na nyimbo mbili tatu za salamu. Mtangazaji akitaja jina la bendi, mjomba alilirudia kwa sauti, nasi watoto tukalirudia baada yake. Wimbo ambao jina la mpigaji halikusikika vizuri, kwa sababu ya mikwaruzo au kelele zetu, ulimkera siku nzima.

Nimekulia katika kukerwa huko, na sasa ndiyo kazi yangu. Nakodisha muziki: spika, mixa, amplifaya, na jenereta umeme ukikatika katikati ya send-ofu. Siku za mnada nasimamisha mabomba ya hema, natandika meza, naingiza nyimbo kwenye memori kadi na flashi. Hapo ndipo majina yanapopotelea. Mteja analeta kadi yenye nyimbo mia tano, na nusu yake zimeandikwa Track 01, Track 02, au jina la mtu aliyemrushia. Wimbo umesafiri kutoka Manzese ya Dar es Salaam hadi Dongobesh huku kwetu kwa mikono ya watu kumi, na njiani umevuliwa jina la aliyeutunga. Historia ya muziki wa mashine katika Afrika Mashariki ndivyo nilivyokuja kuiona: mashine zinafika na majina makubwa ya kampuni ubavuni, halafu watu wanaozitumia, na hata waliozibuni, hawatajwi.

Baada ya redio zilikuja spika za TOA, zile za chuma zenye mdomo mpana zinazofungwa juu ya paa la kanisa au la gari la matangazo. Nazo ni za Japani, kutoka Kobe. Kisha vinanda vya Yamaha vya kwaya. Hapa kwetu, ambako Walutheri, Wakatoliki na Wapentekoste wote wana kwaya na kila kwaya inataka kurekodi, kinanda cha Yamaha kimefundisha vijana wengi kuliko chuo chochote. Mpiga kinanda wa kwaya anajua kitufe cha mdundo, anajua kuongeza na kupunguza kasi, anajua kugawa kinanda mkono wa kushoto upige besi na wa kulia upige sauti ya filimbi. Vijana hao hao Jumamosi usiku ndio wanaonisaidia kwenye mitambo ya harusi.

Ila kinanda kilichobadilisha mambo mbali zaidi kilikuwa kidogo na cha bei nafuu. Mwaka 1980 dada mmoja wa Kijapani, Okuda Hiroko, alitoka chuo cha muziki akaajiriwa na Casio. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kutunga midundo ya kinanda kiitwacho MT-40, kilichoingia sokoni 1981. Mdundo mmoja, uliowekwa kwenye kitufe cha roki, ulifika Jamaika, na mwaka 1985 mwimbaji Wayne Smith na mtayarishaji King Jammy wakatoa juu yake wimbo Under Mi Sleng Teng. Rege ikaingia zama za mashine kwa wimbo huo, na nyimbo zilizojengwa juu ya mdundo ule zilifika mamia. Kwa miaka mingi waliocheza juu yake hawakujua kuwa kuna mtu aliyeutunga. Walisema ni mdundo wa Casio, kana kwamba Casio ina masikio.

Vinanda vidogo vya aina hiyo vilishuka pia Dar es Salaam, vikaangukia mikononi mwa vijana wa uswahilini waliokuwa na ngoma za Kizaramo na hawakuwa na pesa za magitaa. Wakavifunga kwenye amplifaya chakavu na spika za mdomo mpana, wakapiga nyuma yake ngoma na vyuma, wakaimba mambo ya mtaani bila kuficha. Huo ndio mchiriku. Jagwa Music, kundi lililoanza miaka ya 1990, lilipiga mchiriku kwenye harusi na vigodoro kwa miaka mingi kabla ya kampuni ya Ubelgiji, Crammed Discs, kutoa albamu yao Bongo Hotheads mwaka 2012. Redio za nyumbani ziliupuuza mchiriku, zikauita wa kihuni. Nauona uzembe mkubwa. Muziki uliojaza viwanja vya Dar usiku kucha haukuwekewa kumbukumbu ya kutosha, na leo nikitaka kumwambia mteja nani alipiga kinanda kwenye kaseti fulani ya 1996, nakwama.

Kutoka hapo ikazaliwa singeli. Kinanda kikaacha nafasi kwa kompyuta, kasi ikapanda hadi mapigo 200 kwa dakika na zaidi, na sauti za taarabu na mchiriku zikakatwa vipande vidogo na kuzungushwa. Waimbaji Msaga Sumu na Man Fongo waliifikisha kwenye kila daladala, na redio ya EFM ya Dar es Salaam ikaipa muda hewani wakati wengine wanaona haya. Kule Mburahati, studio ya Sisso ikawa kiota cha watayarishaji vijana. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilikusanya kazi zao katika Sounds of Sisso, kisha zikafuata albamu za mmoja mmoja: Poaa ya Bamba Pana mwaka 2018, Tatizo Pesa ya Jay Mitta na Uingizaji Hewa ya Duke mwaka 2019, Mr Mixondo ya DJ Travella mwaka 2022. Kwa mtu wa kazi yangu hilo lilikuwa jambo kubwa. Hapo mtayarishaji wa singeli, yule anayekaa gizani nyuma ya kompyuta huku mwimbaji akishangiliwa, aliandikwa mbele ya kasha kwa jina lake.

Ni kwa mlango huo huo wa Kampala nilimfikia Mjapani ambaye nimeishi na kazi zake kwa miaka kadhaa sasa. Anaitwa Ishihara Shigeru. Alikaa Brighton, Uingereza, na baadaye Berlin, na kwa muda mrefu alijulikana kama DJ Scotch Egg. Alipiga muziki kwa Game Boy, ile mashine ndogo ya michezo ya Nintendo iliyotoka 1989, akiilazimisha kutoa midundo ya kasi ya kutisha huku yeye akipiga kelele juu yake. Albamu yake KFC Core ilitoka 2005, Scotch Hausen ikafuata 2006, kisha Drumized. Nilipozisikia kwanza, bila kujua ni nani, niliamini ni singeli ya majaribio. Ni kasi ile ile, na sauti ni ile ile kali ya kifaa cha bei nafuu kinachopigishwa kazi ambayo hakikuundiwa. Kijana wa Mburahati na kijana wa Brighton hawakuwahi kuonana, lakini wote wawili walikuwa na mashine ya bei nafuu na hamu ya kuifikisha mwisho wa uwezo wake.

Hakubaki kwenye kelele. Alipiga besi katika bendi ya Seefeel, ikatoa albamu kwenye kampuni ya Warp mwaka 2011, muziki mpole ambao usingedhani ni mtu yule yule. Pamoja na mwimbaji Kiki Hitomi akaunda WaqWaq Kingdom, na hapo akarudi kwao: wakachukua nyimbo za kienyeji za Japani na midundo ya sherehe za vijijini, wakaviweka juu ya besi nzito ya Kijamaika. Albamu yao Shinsekai ilitoka 2017 na Essaka Hoisa mwaka 2019. Nazithamini sana kazi hizi mbili. Mtu aliyekwisha kukaa na nyimbo za mababu zake, akajua ugumu wa kuziweka kwenye mashine bila kuziua, anafika kwa watu wengine na masikio tofauti na yule anayekuja kutafuta sauti ngeni ya kupamba wimbo wake.

Nyege Nyege wakamkaribisha kwenye studio yao ya Kampala. Hao ndio pia wanaoandaa tamasha la Jinja, kando ya Nile, lililoanza 2015. Huko akabadili jina, akawa Scotch Rolex, kwa heshima ya rolex ya Uganda, chapati inayokunjwa na mayai ya kukaanga kandokando ya barabara. Kazi aliyoifanya huko ilitoka 2021 kwa jina la Tewari, chini ya Hakuna Kulala, kampuni dada ya Nyege Nyege Tapes. Yupo MC Yallah, aliyezaliwa Kenya na kukulia Uganda, anayefoka kwa Kiganda, Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza. Yupo Lord Spikeheart wa Duma, kundi la Nairobi lililochanganya metali na mashine. Wapo Don Zilla na Chrisman, wenye asili ya Kongo, na Swordman Kitala wa Kampala. Kila mmoja ameandikwa kwenye wimbo wake.

Nimesikia watu wakisema kuwa wageni wa namna hii huja kuchota na kuondoka. Wapo wanaofanya hivyo, na hasira ya wanaolalamika ni ya haki. Kwa Tewari naomba msikilizaji akae nayo kwanza. Bwana huyu aliyejenga jina kwa kupiga kelele kuliko wote anapunguza mkono. Yallah anapoanza, mdundo unarudi nyuma, besi inabaki na pigo moja kavu linalomwacha avute pumzi na kubadili lugha katikati ya mstari. Kwa Spikeheart anafanya kinyume, anarundika ngoma mpaka sauti ya mwimbaji ipate kitu cha kupigana nacho. Ni kazi ya fundi anayesikiliza, na mimi nimesimama nyuma ya mixa vya kutosha kujua ilivyo ngumu kumwachia mwenzako nafasi wakati vidole vyako vinawasha. Uhusiano pia haukuishia kwenye albamu moja. MC Yallah alipotoa Yallah Beibe mwaka 2023, watayarishaji walikuwa Debmaster, Chrisman na Scotch Rolex. Mgeni sasa alikuwa ndiye anayemtumikia mwenyeji.

Kwenye harusi za Tumati siwezi kuipiga Tewari. Wazazi wa bibi harusi wanataka kwaya, kamati inataka bongo fleva ya kuingilia na keki, vijana wanasubiri singeli saa nne usiku. Nimeipiga mnadani, mchana, kwa sauti ya wastani, na waliosimama walikuwa vijana wa kwaya, wapiga kinanda. Mmoja aliniuliza, "Dada, huyu anatumia kinanda gani?" Nikamweleza habari za Game Boy na kompyuta. Hakushangaa sana. Akaniambia kwamba Yamaha ya kanisani kwao ukiipandisha kasi hadi mwisho, mdundo wake hauachani mbali na huo, ila mwalimu wa kwaya haruhusu.

Na yeye ndiye anayenisaidia sasa katika kazi ninayoithamini kuliko kukodisha spika. Sisi Wairaqw tuna slufay, maombi yanayosemwa na mzee mmoja huku waliokaa naye wakimwitikia, sentensi baada ya sentensi, kwa mwendo usioyumba. Anaomba mvua, afya, ng'ombe, amani na majirani. Wataalamu wa lugha wamezirekodi na kuziandika, lakini ndani ya simu za Tumati slufay nyingi zinazozunguka ni vipande vilivyochukuliwa msibani au kwenye sherehe, vimekatwa mwanzo na mwisho, bila jina la mzee wala mahali. Tunakwenda kwa wazee kwa ruhusa yao, tunarekodi slufay nzima pamoja na waitikiaji, na kabla mzee hajaanza tunamwomba ajitaje jina lake, la baba yake na la kijiji. Mdundo hatujaweka, na wazee wameshatwambia wazi kuwa maombi si ya kuchezea. Nyimbo za akina mama za harusi ni jambo jingine. Hizo wenyewe wameanza kuuliza zitasikikaje juu ya besi, na tumekubaliana kwamba atakayetunga maneno mapya ataandikwa kwanza, kisha mpiga kinanda, kisha mimi.

Mezani kwangu mteja akileta kadi yenye Track 07, nausikiliza wimbo kabla ya kuhamisha. Nikiutambua naandika: Duke, Jay Mitta, Jagwa Music, Scotch Rolex na MC Yallah. Nisipoutambua namwomba aniachie nakala, nawauliza wenzangu wa Haydom na Katesh, na mnada ujao nikishapata jina, anarudi tunalirekebisha bila malipo.