Nani Mwenye Kanuni? Historia Fupi ya Michezo ya Uhusika



Baadhi ya wazazi wametuuliza kuhusu karatasi ambazo vijana wao wanazichapisha na kuzizungukia mezani jioni, zenye majina ya wahusika, namba pembeni, na ramani za nchi zisizokuwepo duniani. Wanauliza: huu ni mchezo gani, umetoka wapi, na mbona kila wiki kanuni zake zinabadilika? Swali hilo la mwisho ndilo lililotuvutia, kwa sababu historia nzima ya michezo hii imo ndani yake.

Kwa asiyeufahamu, tuanze na jambo analolijua. Watoto wadogo wanapocheza baba na mama, kila mmoja anashika nafasi yake: huyu anapika, huyu anatoka kazini, yule ni mgeni. Ugomvi huanza pale mmoja anaposema "nimekupiga" na mwenzake akajibu "hujanipata". Mchezo wa uhusika wa mezani ni huo huo, ila umeongezewa kanuni za kuamua nani amempata nani. Wachezaji wanaketi, kila mmoja anaeleza mhusika wake anafanya nini, na kwa kawaida mmoja wao ni msimamizi anayeeleza dunia inayowazunguka. Jambo likiwa na shaka, kanuni huamua, mara nyingi kwa dadu. Hakuna ubao wa lazima, wala mshindi.

Chanzo chake ni cha kijeshi. Mwaka 1812 mtu mmoja wa Prussia, von Reisswitz, alimpelekea mfalme wake mchezo wa vita uliochezwa juu ya meza yenye vipande vya mandhari. Mwanawe akaurekebisha, akautoa mezani akauweka juu ya ramani, na mwaka 1824 jeshi likaupokea kwa mafunzo ya maafisa. Kanuni zake zilikuwa nyingi, majedwali juu ya majedwali, na mwamuzi alikuwa akihesabu hadi wachezaji wanachoka. Mwaka 1876 Verdy du Vernois akayaweka majedwali kando: mwamuzi ni askari mzoefu, basi na aamue kwa uzoefu wake. Tazameni jinsi mvutano ulivyoanza mapema. Je, mchezo unaendeshwa na kitabu, au na mtu aliyeketi mezani?

Tuvuke bahari twende Marekani, jimbo la Minnesota, mwaka 1969. Kijana mmoja mpenzi wa michezo ya vita, David Wesely, alikuwa amesoma kitabu cha zamani cha afisa wa Marekani aitwaye Totten, cha mwaka 1880, kinachompa mwamuzi mamlaka ya kuamua juu ya jambo lolote ambalo mchezaji atajaribu kulifanya. Wesely akaandaa mchezo katika mji wa kubuni wa Kijerumani, Braunstein. Badala ya kuwapa wote majeshi, mmoja akampa nafasi ya meya, mwingine mwenye benki, mwingine mkuu wa chuo. Wachezaji wakaanza kuvutana pembeni, kupanga njama na kudanganyana, na majeshi yakasahaulika. Wesely aliona jaribio limeharibika. Wenzake wakamwomba arudie.

Miongoni mwao alikuwepo Dave Arneson, ambaye aliuchukua mtindo huo akaupeleka kwenye ngome ya kubuni iitwayo Blackmoor, ambako mchezaji anakuwa na mhusika mmoja anayekua wiki hadi wiki. Kwa mapigano aliazima kanuni za kijitabu kiitwacho Chainmail cha mwaka 1971, kilichoandikwa na Gary Gygax na Jeff Perren, kisha akazibadilisha zilipomshinda. Gygax, ambaye wakati huo alikuwa akishona viatu nyumbani kwake Lake Geneva, Wisconsin, baada ya kupoteza kazi ya bima, aliuona mchezo huo akaketi kuandika. Mwaka 1973 yeye na rafiki yake Don Kaye wakaanzisha kampuni ya TSR, na Brian Blume alipojiunga ndipo fedha za kuchapa zikapatikana. Januari 1974 Dungeons & Dragons ikatoka: vijitabu vitatu ndani ya boksi, nakala 1,000, dola 10, vilivyopangwa kwa mikono.

Kwa hiyo hata huo unaoitwa mama wa michezo hii yote ulikuwa kiraka juu ya kiraka. Vijitabu vyenyewe vilikuwa na mapengo mengi, na viliwahimiza wasomaji wayazibe wenyewe. Nao wakafanya hivyo. Ken St. Andre wa Phoenix, Arizona, alizisoma kanuni hizo, zikamchanganya, akaandika zake zilizotumia dadu za kawaida za pande sita; mwaka 1975 zikatoka kwa jina la Tunnels & Trolls. Mwaka huo huo huko Los Angeles bibi Lee Gold alianza kukusanya jarida ambalo kila mchangiaji alileta kurasa zake mwenyewe, kila mmoja akieleza jinsi anavyocheza kwake na kanuni alizozizua.

Kisha upepo ukageuka. Toleo kubwa la Advanced Dungeons & Dragons lilipotoka kuanzia 1977, Gygax yule yule akaanza kusisitiza kwamba mchezo uwe mmoja kila mahali, na aliyebadilisha sana asidai kuwa anacheza mchezo ule. Sababu zake si ngumu kuzielewa: mashindano yalihitaji kanuni moja, na kampuni ilihitaji kuuza vitabu. Arneson alikuwa tayari nje, na mwaka 1979 aliishtaki TSR kuhusu haki zake, wakapatana 1981. Ilipofika 1985 Gygax mwenyewe alikuwa amepoteza udhibiti wa kampuni, na mchezo aliouandika ukabaki mikononi mwa wengine. Hapa ndipo palipo na kiini cha habari yetu.

Katika miaka hiyo ya themanini pia wazazi wengi wa Marekani, hasa Wakristo, waliuogopa mchezo huu kwa sababu ya uchawi na mashetani yaliyomo vitabuni. Hatuwacheki, kwani hata sisi tungeuliza. Toleo la pili la mwaka 1989 liliyaondoa majina ya mashetani, na matoleo yaliyofuata yakayarudisha.

Sasa tufike kwenye michezo inayoitwa huru. Neno hili halimaanishi mchezo mdogo wala wa bei rahisi. Maana iliyowekwa na Ron Edwards, mwanabiolojia wa Chicago, ni kwamba aliyeutunga ndiye anayeumiliki na kuamua mambo yake. Edwards alikuwa ameuza mchezo wake kama faili la kompyuta kabla ya kuuchapa kitabu mwaka 2001. (Unaitwa Sorcerer, yaani mchawi, na jina hilo peke yake linatosha kumfanya mzazi wa kwetu afunge kitabu. Hatumlaumu.) Yeye na wenzake walikuwa na jukwaa mtandaoni lililoitwa The Forge, yaani kalibu la mhunzi, lililofungwa mwaka 2012. Humo watu walileta kanuni zao mbichi, wengine wakazijaribu mezani kwao na kurudisha majibu: hapa pamekwama, hapa wachezaji wamesinzia. Uchapaji wa nakala chache kwa oda ulikuwa umewezekana, kwa hiyo mwalimu au karani aliweza kutoa kitabu chake bila kumwomba mchapishaji.

Katika zao hilo, uliotushughulisha zaidi ni Dogs in the Vineyard wa D. Vincent Baker, wa mwaka 2004. Baker alikulia katika jamii ya Wamormoni, na mchezo unahusu vijana wa dini wanaopita mji kwa mji katika Magharibi ya Marekani ya kubuni, wakipeleka barua, kubariki watoto na kuhukumu magomvi. Msimamizi huuandaa mji kwa ngazi: kiburi cha mtu mmoja kinazaa dhulma, dhulma inazaa dhambi, na jambo lisipozuiwa linafika kwenye mafundisho ya uongo na mwisho kwenye mauaji. Kisha kitabu kinamkataza msimamizi kuamua ni hukumu ipi ilikuwa sahihi. Jukumu hilo linabaki kwa wachezaji.

Kanuni yake ya mabishano ni nzuri kuliko mahubiri mengi tuliyoyasikia. Mnaanza kwa maneno, kila upande na dadu zake. Ukiona unashindwa una njia mbili: ukubali kushindwa, au upandishe ugomvi ngazi moja, kutoka maneno hadi kusukumana, kisha ngumi, kisha bunduki. Kila ukipanda unapata dadu mpya, kwa hiyo unaweza kushinda, lakini na madhara yake yanakuwa makubwa zaidi. Kijana anaketi pale na dadu mkononi, anajua bunduki itamaliza ubishi, na hapo lazima ajiulize kama shamba la jirani linastahili hayo.

Baadaye Baker aliamua kuacha kuuza mchezo huo. Ulikuwa wake, na hakuna kampuni ambayo ingemlazimisha auendeleze. Lakini kanuni hazikufa: mbunifu mwingine, kwa idhini yake, alizitoa kwenye mandhari ile ya Magharibi akazichapisha peke yake, ili kila mtu aweke jamii anayoitaka.

Mwaka 2010 Baker na mkewe Meguey walitoa Apocalypse World. Maudhui yake si ya watoto, na tunasema hivyo bila kuzunguka. Mashine yake ndiyo iliyosafiri. Unarusha dadu mbili na kuongeza namba yako: ukipata 10 au zaidi umefaulu, 7 hadi 9 umefaulu kwa gharama, 6 kushuka chini msimamizi anakuletea balaa. Kitabu chenyewe kinamfundisha msomaji namna ya kukifungua na kuunda kingine. Dungeon World ya 2012 ilitoka humo, na Blades in the Dark ya John Harper, ya 2017, nayo ina damu hiyo.

Harper huyo huyo mwaka 2013 alitoa Lasers & Feelings, mchezo wa ukurasa mmoja kuhusu mabaharia wa anga. Kila mhusika ana namba moja tu, kati ya 2 na 5. Ukitumia akili na vyombo, unataka dadu ianguke chini ya namba yako. Ukitumia hisia, unataka ianguke juu yake. Ikiangukia namba yenyewe, unamwuliza msimamizi swali naye analazimika kujibu kweli. Watu wameunda michezo mingi kutokana na ukurasa huo kwa kubadilisha maneno mawili na mandhari. Kwa anayetaka kujifunza kuchokonoa kanuni, hapa ndipo pa kuanzia.

Tumeulizwa pia kuhusu dadu. Wanazuoni wengi wamekataza nardi kutokana na Hadithi zilizopokewa kuihusu, na wengine wamelitazama suala la kamari; hapa hatutoi fatwa, mzazi amwulize mwanachuoni anayemwamini. Tunaloweza kusema kama wanahistoria ni kwamba dadu si nguzo ya michezo hii. Amber Diceless ya mwaka 1991, ya Erick Wujcik, haina dadu kabisa, na Dread ya 2005 inatumia mnara wa vipande vya mbao: ukitaka mhusika afanye la hatari unachomoa kipande, na mnara ukianguka mhusika wako ameondoka mchezoni.

Turudi kwenye umiliki. Kampuni ya Wizards of the Coast, iliyoinunua TSR mwaka 1997, ilitoa mwaka 2000 leseni ya wazi iliyomruhusu yeyote kutumia kanuni za msingi za Dungeons & Dragons. Wachapishaji wengi wadogo walijenga riziki zao juu ya karatasi hiyo. Januari 2023 ikavuja rasimu ya leseni mpya iliyokusudia kuibatilisha ya zamani na kudai asilimia 25 ya mapato yanayozidi dola 750,000. Wachezaji wakapiga kelele, wengi wakafuta usajili wao wa kulipia, na kampuni ya Paizo ikatangaza kuwa itasimamia leseni isiyomilikiwa na mchapishaji yeyote. Tarehe 27 Januari 2023 Wizards wakarudi nyuma, wakaiacha leseni ya zamani, na kanuni za msingi wakaziweka chini ya leseni ya Creative Commons ambayo hawawezi kuifuta. Kwa leseni hiyo, kijana yeyote anaweza kuzichukua kurasa zile mia kadhaa, akaondoa asichokitaka, akazifasiri kwa Kiswahili, akazichapisha na hata kuziuza sokoni, almuradi aandike zilikotoka.