Mimi na Wafilisti

Pale Migori nilikolelewa, shule ya Jumapili ilitukalisha benchi moja: Wajaluo, Wakuria, Waluhya wachache. Mwalimu akifika kwa Daudi na Goliathi, kuna neno alilitamka kwa nguvu kuliko mengine: asiyetahiriwa. Vijana wa Kikuria walitugeukia sisi Wajaluo wakacheka hadi benchi ikatikisika. Wiki nzima jina langu likawa Mfilisti. Nilikuwa na miaka tisa hivi, nikaanza kuwafuatilia hao watu kama mtu anayetafuta ndugu zake. Chuo nilikuja kukiacha, lakini wao sikuwaacha.

Shida ni kwamba walioandika habari zao ni maadui zao. Shahidi wa mapema ni Farao Ramses III, ambaye kuta za hekalu lake la Medinet Habu zimechongwa vita vya yapata mwaka 1175 KK. Adui wanakuja kwa meli, na wengine kwa mikokoteni ya ng'ombe iliyobeba wanawake na watoto. Hapo ndipo stori ya eti walikuwa genge la maharamia inanishinda. Jambazi gani huenda kazini na watoto? Hawa walikuwa wanahama. Kati ya makabila yaliyotajwa kuna Peleset, na wataalamu wengi wanakubali ndio Wafilisti. Wakashika miji mitano: Gaza, Ashkeloni, Ashdodi, Ekroni na Gathi.

Walitoka wapi? Kitabu cha Amosi kinataja Kaftori, ambayo wengi huichukulia kuwa Krete. Vyungu vyao vya mwanzo vilifinyangwa kwa udongo wa Kanaani, ila mtindo ni wa Ugiriki. Walikula nguruwe sana. Na hawakutahiri, wakati Waisraeli, Wamisri na Wamoabu walitahiri. Yaani tusi lile halikuwa la ukabila wa kawaida. Lilimaanisha huyu ametoka ng'ambo ya bahari.

Kisha mwaka 2019 yakatoka matokeo ya DNA ya watu waliozikwa Ashkeloni. Watoto wachanga waliozikwa chini ya sakafu za nyumba, miaka ya mwanzo ya ugeni, walikuwa na damu ya kusini mwa Ulaya. Waliozikwa kama karne mbili baadaye, damu hiyo karibu haionekani. Walioa, wakaolewa. Lugha pia ikaenda: jiwe lililochimbuliwa Ekroni mwaka 1996 limeandikwa kwa lugha ya majirani, ingawa mtawala anayetajwa ana jina lile lile la Akishi, mfalme wa Gathi tunayemsoma kwenye Biblia. Mwaka 604 KK Nebukadneza akaichoma Ashkeloni, watu wakapelekwa Babeli, na hawakurudi tena kama taifa.

Sasa njoo Homa Bay. Mababu wa Wasuba walivuka ziwa kwa mitumbwi kutoka upande wa Uganda, wengi katika karne ya 18, wakikimbia vurugu za Buganda. Wakashuka Mfangano, Rusinga na bara iliyo karibu. Walikuwa Wabantu na walitahiri. Wakaoana na Wajaluo, na polepole wakaacha kisu, kisha lugha. Tom Mboya, ambaye Kenya nzima ilimjua kama Mjaluo, asili yake ni Wasuba wa Rusinga. Hata kuta za mawe za Thimlich Ohinga, hapa kwetu Migori, zilizopangwa bila saruji tangu kama karne ya 16, zimekaliwa na watu tofauti kwa zamu; Wajaluo walizikuta, wakazikarabati, na jina linalotumika leo ni la Kijaluo.

Nyanya yangu mzaa baba alizaliwa Mfangano. Nilipomuuliza kama sisi ni Wajaluo au Wasuba, hakuinua macho kwenye omena aliyokuwa anapima.

"Nyakwara, babu yangu alitahiriwa. Babangu hakutahiriwa. Wote nimewazika."

Nikafikiria wale vijana wa benchi, na jinsi ambavyo ningewajibu. Mteja alikuwa anangoja. Nyanya akachota gorogoro ya kwanza akihesabu kwa Kisuba, ya pili, ya tatu, hadi ya tano. Ya sita akaihesabu kwa Kijaluo.