Nanyuki ni Neno la Kimaa

Ukipanda matatu Nyeri kuelekea Nanyuki, unapitia Naro Moru. Kwa Kimaa, Naro Moru ni mawe meusi na Nanyuki ni wekundu. Laikipia ni jina la Wamaasai wa zamani. Sisi wa huku mlimani tunayataja majina haya kila siku na hatuulizi wenyewe walienda wapi.

Niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo historia hii nimeitafuta mwenyewe. Mwaka 1904 Waingereza waliwatoa Wamaasai kwenye malisho ya Bonde la Ufa, Naivasha ikiwemo, ili wapishe walowezi. Wengine wakaletwa Laikipia. Mkataba uliahidi kwamba mpango huo utadumu maadamu Wamaasai wapo. Ulidumu miaka saba. Mkataba wa 1911 ukawatoa na huku pia, wakapelekwa kusini na mifugo yao. Ole Njogo na wenzake wakaenda kortini. Mwaka 1913 korti ikawaambia kwamba Wamaasai ni kama taifa la kigeni, na mikataba ya mataifa haiamuliwi pale. Yaani ukidai ardhi wewe ni mgeni, lakini siku ya kuhamishwa unaamrishwa kama mtumishi.

Sasa vuka Nyandarua, rudi Naivasha. Kusini mwa ziwa kuna Olkaria, jina la udongo mwekundu wa kujipaka. Mtambo wa kwanza wa mvuke ulianza kazi 1981. Mwaka uliofuata, sheria ikasema joto lote la ardhini ni mali ya serikali. Leo sehemu kubwa ya stima ya Kenya inatoka kwenye mvuke, na taa zetu Nyeri zinawaka kwa joto hilo.

Mwaka 2014 familia za Kimaasai kutoka vijiji vinne zilihamishwa kupisha Olkaria IV. Walijengewa nyumba mpya, lakini walilalamikia barabara, makorongo na hatimiliki iliyochelewa. Walipeleka kilio chao hadi kwa wafadhili, Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Baada ya usuluhishi, makubaliano yalitiwa saini 2016.

Huko Nyuzilandi nako, sheria ya 1953 iliipa serikali mamlaka juu ya mvuke. Lakini karibu na Taupo, Wamaori walibaki na ardhi yao. Mtambo wa Nga Awa Purua, uliofunguliwa 2010, ni ubia wa kampuni ya stima na amana ya wenye ardhi hao. Mlinzi wa ardhi wanamwita kaitiaki, na hapo mlinzi ana hisa.

Sheria yetu ya Nishati ya 2019 inagawa mrabaha hivi: serikali kuu asilimia 75, kaunti 20, jamii ya mahali 5. Hizo ni pesa tu. Nani aamue kisima kichimbwe wapi, hilo halimo kwenye mgao.

Babu zetu wa Nyeri waliingia msituni kwa sababu ya shamba. Kwa hivyo hatuwezi kusema hili la Olkaria haturielewi kwa kuwa liko ng'ambo ya mlima. Stima tunaitumia sisi.