Programu za kupanga ngoma

Programu za kupanga ngoma ni zana zinazokuja zenyewe au ndani ya programu za kutengenezea muziki, ambazo prodyuza huzitumia kujenga biti bila mpigaji kuwapo studioni. Kuzilinganisha kwa sauti hakufai sana, kwa sababu kiki, sneya na haihati hubadilishwa wakati wowote. Tofauti kubwa iko katika namna kila moja inavyoukata muda.

Njia ya zamani zaidi ni ya hatua. Mashine ya Roland TR-808, iliyotoka Japani mwaka 1980, ilikuwa na vitufe 16 kwenye mstari mmoja, hatua nne kwa kila pigo. Mwaka 1997 kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji ilitoa FruityLoops, ambayo sasa ni FL Studio, na kuuleta mstari huo kwenye skrini: bofya kisanduku, kiki inalia. Anayeanza huielewa siku ileile, na ndiyo maana imeenea mno katika studio ndogo za Afrika Mashariki. Singeli ya Dar es Salaam, ambayo hupita mapigo 200 kwa dakika, imelelewa humo kwa sehemu kubwa. Dunia iliisikia zaidi kupitia mkusanyiko wa Sounds of Sisso, uliotolewa mwaka 2017 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala.

Lakini visanduku 16 vina upendeleo wao. Ngoma zetu nyingi hutembea kwa tatu tatu, na 16 haigawanyiki kwa tatu. Asiyegusa mipangilio hujikuta ameinyoosha ngoma ya kwao mpaka ikaacha kuchezeka, kisha akadhani kosa ni la masikio yake. Katika FL Studio, hatua za mzunguko hupunguzwa ziwe 12, zikahesabiwa tatu kwa kila pigo. Programu ya Logic Pro, iliyopata kipanga hatua chake mwaka 2020, inakwenda mbali zaidi: kila mstari una urefu na mwendo wake, hivyo kengele inaweza kwenda kwa tatu huku kiki ikienda kwa mbili. Kwa mtunzi wa midundo ya kiasili, hakuna kipengele chenye thamani kuliko hicho.

Njia ya pili ni ya vidole. Mbunifu Roger Linn aliibuni mashine ya Akai MPC60 ya mwaka 1988 ikiwa na pedi 16, nne kwa nne, na programu ya Ableton Live ilichukua umbo hilo mwaka 2007 katika Drum Rack. Hapa mtu anapiga, programu inaandika, na kuchelewa kidogo kwa mkono kunabaki. Tangu toleo la nane, la mwaka 2009, Live inaweza pia kuchota mwendo kutoka kwenye rekodi: mpigaji wa msondo akirekodiwa, mbembeo wa mkono wake unavikwa kwenye biti ya kompyuta.

Logic ina pia Drummer, ya mwaka 2013, mpigaji wa kubuni anayepokea maelekezo ya ukali na wingi wa mapigo. Anafaa kwa roki na popu.

Kwa upande wa gharama na vifaa, Logic hutumika kwenye vifaa vya Apple pekee. Mnunuzi wa FL Studio hupata matoleo yote yajayo bila kulipa tena. Hydrogen, ya hatua kama FL, ni ya bure kabisa na inaendeshwa kwenye Linux, Windows na Mac.