Mwalimu Mgeni wa Lamu

 Leo tunakupeleka kisiwani Lamu, pwani ya kaskazini ya Kenya. Vichochoro vya mji wake wa kale ni vyembamba, gari halipiti, na mizigo hubebwa na punda. Kila mwaka, ufikapo mwezi wa Mfunguo Sita, mji huo hufurika wageni. Wanakuja kwa Maulidi, kuadhimisha kuzaliwa kwa Mtume Muhammad. Lakini ndani ya sherehe hiyo imo nyingine: watu wa Lamu wanamkumbuka mwalimu wao.

Mwalimu huyo hakuzaliwa Lamu. Habib Saleh alizaliwa Ngazidja, katika visiwa vya Komoro, kwenye ukoo wenye asili ya Hadhramaut, Yemen. Alifika Lamu katika karne ya 19 akiwa kijana, akasoma kwa wanazuoni wa mji, kisha akafanya makao yake pale pale. Alikuwa mgeni, kama wewe ulivyo mgeni hapo ulipo.

Sasa ifikirie Lamu ya wakati ule. Ulikuwa mji wa matabaka. Juu walikaa waungwana katika majumba ya mawe. Chini walikuwa watumwa, watu walioachwa huru na maskini waliokuja kutafuta riziki. Sheria ya kukomesha utumwa katika Kenya ilikuja mwaka 1907 tu. Elimu ya juu ya dini ilikuwa kama mali ya koo chache, baba akimrithisha mwana.

Habib Saleh alikwenda kukaa Langoni, upande wa kusini wa mji, kwenye nyumba za udongo na makuti. Huko akawafundisha wale ambao hakuna aliyejishughulisha kuwafundisha. Katika Maulidi aliwaruhusu kupiga matari na kuimba kwa furaha. Baadhi ya wakubwa wa mji hawakupendezwa. Kwao, ngoma haikuwa na nafasi katika ibada, na elimu iliyokuwa fahari yao ilikuwa inagawiwa ovyo. Yeye hakugombana nao. Aliendelea kufundisha.

Mwanzoni mwa karne ya 20 ulikuwa umesimama Msikiti wa Riyadha pamoja na chuo chake. Habib Saleh alifariki mwaka 1935, lakini chuo hakikufa. Watoto na wajukuu zake waliendeleza kazi, na wanafunzi walikuja kutoka sehemu nyingi za Afrika Mashariki, wakarudi makwao nao wakawa walimu.

Je, sherehe zenyewe zikoje? Wenyeji hufungua milango kwa wageni, na vyungu vikubwa hupikwa. Vijana hushindana mbio za punda, jahazi hushindana baharini, wengine huogelea, wazee hucheza bao. Yapo pia mashindano ya kuandika hati nzuri za Kiarabu. Usiku, Riyadha hujaa kisomo na matari. Kisha huja siku ya ziara: umati huenda kwenye kaburi la mwalimu kumwombea dua, na kurudi kwa maandamano, wakiimba njia nzima. Mgeni aliyelaumiwa kwa kuwafundisha wanyonge sasa anaandamiwa na mji mzima.

Ndugu msikilizaji, tazama hapo kambini kwako. Yupo mwalimu aliyekimbia vita kama wewe. Anafundisha chini ya hema au mti, darasa limejaa, vitabu ni vichache, na posho yake ni ndogo. Huenda hakuna aliyemwambia asante tangu mwaka uanze. Tarehe 5 Oktoba ni Siku ya Walimu Duniani. Hamhitaji jahazi wala punda. Watoto wanaweza kuimba, vijana wakacheza mpira, akina mama wakapika pamoja kile kilichopo, na mzee mmoja akasimama kumtaja mwalimu huyo kwa jina lake mbele ya watu.

Lamu haikusubiri iwe tajiri ndipo imheshimu mwalimu. Walioanza kumheshimu ni wale wa nyumba za makuti.